Walinzi Kichwani mwa Igoki

Ngari hakuwa mtu wa kuuliza maswali mawili pale ambapo moja linatosha. Daktari alipomaliza kueleza, aliuliza hilo moja.

"Uvimbe umetoka wote?"

"Haukutoka wote," Daktari Kanana akasema. "Kipande kimebaki. Kimegandamana na mahali pa kuendeshea pumzi, na yule mpasuaji wa Nairobi hakuthubutu kukigusa. Angekigusa, Igoki asingeamka."

Ngari akaitikia kwa kichwa. Alipenda mtu anayesema hivyo. Kule Nairobi waliwazungusha kwa maneno laini wiki tatu nzima, yeye na mkewe Cicily, mpaka akawa hajui kama mtoto amepona au anakufa.

Hiyo ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na tano, katika hospitali ya misheni iliyo mlimani, juu ya mji wa Meru. Ngari alikuwa mtu wa nchi ya joto ya huko chini, upande wa Ishiara, mwenye mbuzi kumi na wanane, shamba la mtama na mawele, na mizinga arobaini ya nyuki iliyotundikwa mitini. Binti yake Igoki alikuwa na miaka saba. Alipewa jina la mama yake Ngari, na kwa hiyo Ngari hakumwita kwa jina. Alimwita mama. Mwezi wa tano mtoto alianza kutapika asubuhi kabla ya kula chochote. Majirani wakasema ni minyoo. Kisha akaanza kutembea akiyumba kama mtu aliyelewa, na watoto wa shule wakamcheka. Hapo Ndambiri, kaka yake Cicily, akasema minyoo gani hiyo inayolevya mtoto, akampakia kwenye pikapu.

Pikapu haikuwa yake. Ndambiri alikuwa dereva wa misheni, kazi yake kuteremsha dawa kutoka hospitali hiyo ya Meru mpaka zahanati za huku chini. Ndiyo maana Igoki alipelekwa Meru badala ya Embu. Na ilikuwa bahati, kwa sababu Daktari Kanana alimtazama mtoto machoni kwa taa ndogo, akamwambia atembee juu ya mstari wa saruji, na siku ileile akaandika barua ya kwenda Nairobi. Huko wakampasua nyuma ya kichwa.

Sasa kilichobaki kilihitaji kuchomwa kwa mionzi. Mashine ilikuwa Nairobi, na foleni yake ilikuwa ndefu. Jina la Igoki lilikuwa limefika karibu. Zamu yake ingeanza katikati ya Septemba, na Jumatatu ya wiki ya kabla yake Daktari Kanana alitakiwa apige simu kuthibitisha kwamba mtoto bado yuko katika hali ya kusaidika. Asipothibitisha, nafasi ingepewa mwingine. Mpaka siku hiyo, Igoki alitakiwa kumeza tembe ndogo nyeupe kila asubuhi ili maji yasijae kichwani.

"Mnaweza kwenda," daktari akasema. Kisha akamtazama Ngari kama anayepima kitu. "Au wewe, baba Igoki, ungependa kuuona?"

"Kuona nini?"

"Huo uvimbe. Nairobi walinitumia vipande vyake kwenye vioo. Niliviomba."

Cicily akasema yeye hataki kuona kitu kama hicho hata akiwa ndotoni, akatoka kumtazama mtoto aliyekuwa nje na mjomba wake. Ngari akamfuata daktari kwenye chumba cha maabara.

Daktari Kanana alikuwa mzaliwa wa Kinoru, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye koti jeupe lililochakaa kwenye viwiko. Kimeru chake na Kimbeere cha Ngari vilikaribiana, lakini kila mmoja alikuwa akimwona mwenzake anaharibu lugha, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili. Akaweka kipande cha kioo chini ya hadubini, akazungusha gurudumu dogo, akasogea kando.

"Fumba jicho moja."

Ngari akainama. Mwanzoni hakuona chochote ila kope zake mwenyewe. Kisha uwanja ukafunguka, wa rangi ya waridi, na juu yake vitone vya buluu vimesongamana kama pojo zilizomwagwa kwenye mkeka.

"Hizo za buluu ndizo uvimbe," daktari akasema. "Sasa tazama kushoto. Unaona kama mfereji? Huo ni mshipa wa damu. Kando yake kuna vidoti vyeusi vimejipanga."

"Naviona."

"Hao ni walinzi. Chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kutafuta kisicho cha mwilini na kukiua. Zimetoka kwenye damu, zimefika mpaka hapo, zimesimama mlangoni. Haziingii."

"Mbona haziingii?"

"Sijui. Hakuna anayejua vizuri. Sasa nenda katikati, penye hizo pojo zako. Kuna moja moja kubwa, zenye tumbo lililojaa povu."

Ngari akatafuta. Akaziona tatu.

"Hizo nazo ni walinzi, wa aina nyingine. Hizo zimeingia. Lakini hazipigani. Zimekaa tu katikati ya adui, zimeshiba. Kuna wanaodhani zinamlisha. Mimi bado sidhani chochote, nahesabu tu." Akamwonyesha daftari lenye mistari na tarakimu. Alikuwa ameomba vioo vya watoto kumi na mmoja, kutoka hospitali mbalimbali, na jioni baada ya kazi alikuwa akihesabu walinzi wa kila mmoja.

Ngari akainua kichwa. "Nyuki hufanya hivyo."

"Hufanya nini?"

"Kuna kidudu cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Kinaingia mzingani. Nyuki wanakikimbiza mpaka kwenye ufa, wanakizibia na gundi yao, halafu walinzi wanasimama hapo wakilinda. Vizuri. Lakini kile kidudu kina njaa. Kinatoa kichwa, kinampapasa mlinzi mdomoni na pembe zake. Na yule mpumbavu anatapika asali, anakilisha. Nimeona kwa macho yangu. Anamlinda mfungwa na anamlisha. Siku mzinga ukidhoofika, kidudu kinatoka na watoto mia, na asali yote inaoza."

Daktari Kanana akavuta daftari, akaandika. "Sema tena hapo pa kupapasa," akasema, na Ngari akasema tena. Hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kuandika neno lake. Aliacha shule darasa la nne.

"Kwa hiyo anayetaka kuuokoa mzinga hufanya nini?" daktari akauliza.

"Unawaamsha walinzi. Unauimarisha mzinga. Nyuki wakiwa wengi na wakali, kidudu hakina pa kukaa."

"Ndiyo. Hata kwetu wapo wanaotafuta namna ya kuwaamsha. Bado hawajaipata." Akawa anarudisha vioo kwenye sanduku, na huku akizungumza kama mtu anayejisemea. "Na mkosi ni kwamba hizi tembe tunazompa Igoki ndizo zinazowalaza. Zinakausha maji kichwani, ndiyo, lakini walinzi nao zinawalaza chali."

Mlango ukagongwa. Kulikuwa na mama aliyeletwa kwa machela, na daktari akaondoka mbio, akimwacha Ngari peke yake na hadubini.

Waliteremka kupitia Nkubu na Mitunguu. Baridi ya Meru ilikuwa imemwingia Ngari, na alikuwa amejifunga blanketi la hospitali ambalo Ndambiri alimwazima.

"Shemeji," Ndambiri akasema, "umevaa blanketi au limekuvaa wewe? Nikikuacha huko juu wiki moja, nitarudi nikute umekuwa gunia la viazi."

"Endesha gari."

"Anaendesha," Igoki akasema kutoka kwenye mapaja ya mama yake. "Mwache atanie, baba. Ndiyo petroli yake."

Ndambiri akacheka mpaka gari likayumba. Cicily naye akacheka, mara ya kwanza tangu Nairobi. Ngari hakucheka. Alikuwa akifikiria moshi.

Mtu wa mizinga hapandi mtini bila moshi. Anafunga magome makavu, anayawasha, anapuliza mlangoni mwa mzinga, na nyuki wanaacha ukali wao. Wanaingia ndani kunywa asali, wanakuwa wazito, hawana habari na mwizi. Ukitaka kuiba, unapuliza moshi. Basi yeye, Ngari, kila asubuhi alikuwa akimpulizia mtoto wake moshi kichwani, na mwizi yumo ndani. Alilipindua wazo hilo huku na huku akitafuta kosa lake, na hakuliona. Ni kweli kwamba muuguzi wa Nairobi alisema dawa isikatizwe ghafla. Lakini yule muuguzi alisema pia kwamba uvimbe umetoka wote. Huyu wa Meru ndiye alimwonyesha ukweli kwa macho.

Tembe zilikuwa mikononi mwake tangu mwanzo. Zilikuwa chungu, na Igoki alikuwa akizitema kwa kila mtu isipokuwa baba yake, aliyezisaga na kuzichanganya na asali kwenye kijiko. Alhamisi asubuhi, siku tatu baada ya kurudi, Ngari alijaza kijiko asali tupu. Igoki akalamba, akamtazama, akalamba tena.

Hakumwambia Cicily. Angemwambia nini? Cicily angetaka kuuliza kwa daktari, na kwenda kuuliza ni safari ya siku nzima. Na tena, ukweli wenyewe, Ngari alitaka kuwa ndiye aliyeliona jambo ambalo madaktari hawakuliona.

Siku nne mtoto alikuwa mzima kuliko alivyokuwa mwezi mzima. Alicheza na watoto wa mbuzi, akamwagia kuku maji, akafukuzwa jikoni mara mbili. Uso wake, uliokuwa umevimba kwa dawa ukawa kama kibuyu cha uji, ukaanza kupungua. Ngari akawa anatembea shambani kifua mbele.

Siku ya tano Igoki alisema kichwa kinauma. Siku ya sita akatapika. Ngari akajiambia: mzinga ukiamka lazima ungurume kwanza. Walinzi wameingia kazini, na vita havina utulivu. Siku ya saba na ya nane mtoto alilala mchana kutwa, na alipoamshwa aliongea kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Jumamosi, Ngari alitoa tembe, akaisaga, akaitia kwenye asali. Igoki akameza, na kabla baba yake hajashusha kijiko akatapika vyote kwenye kanga ya mama yake. Jumapili akajaribu tena. Ikawa vilevile.

Jumatatu asubuhi, siku ya ile simu ya Nairobi, Ndambiri alifika na pikapu. Alipomwona mtoto hakufanya mzaha wowote. Aliendesha mpaka Meru bila kusimama.

Daktari Kanana alimpima Igoki kitandani. Akamulika macho yake, akagonga magoti, akamwita jina. Igoki akafungua jicho moja, akalifunga. Daktari akawaita wazazi ofisini, akafunga mlango, akakaa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika ishirini.

"Nitasema ninachokiona," akasema. "Uvimbe umekua, na umekua haraka kuliko nilivyotarajia. Saa tano napaswa kupiga simu Nairobi. Wataniuliza kama mtoto huyu mionzi itamfaa. Nafasi ni chache, wanapewa wale ambao bado wana pa kurudi. Nikiwaambia alivyo leo, watampa nafasi mtoto mwingine. Na siwezi kuwaambia uongo, kwa sababu huyo mwingine naye ni mtoto wa watu."

"Na Igoki?" Cicily akauliza.

"Mtarudi naye nyumbani. Nitawapa dawa ya maumivu."

Cicily hakulia. Aliitandaza kanga yake mapajani, akainyoosha, akainyoosha tena.

"Kabla ya hapo," daktari akasema, "kuna sababu nyingine yoyote? Alianguka? Alipata homa? Tembe alikuwa anameza kama nilivyoandika?"

"Kila asubuhi," Cicily akasema. "Baba yake ndiye anayempa. Hajakosa hata siku moja, mimi mwenyewe namwona na kijiko."

Daktari akamtazama Ngari. Ngari akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta. Alijua kwamba akisema, atakuwa amemfanya mkewe mwongo mbele ya mgeni, na yeye mwenyewe atakuwa mtu aliyemuua mtoto wake kwa kijiko. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Watasema ugonjwa ulimshinda. Watakuja kumpa pole, wamshike mkono.

Daktari alinyanyua simu, akazungusha, akamwomba opereta ampatie Nairobi. Akangoja, mkono mmoja kwenye paji la uso.

"Weka simu chini," Ngari akasema.

"Nini?"

"Weka simu chini, daktari. Hakumeza. Nilimpa asali tupu."

Daktari akaishusha simu polepole. "Tangu lini?"

"Alhamisi ya wiki ya juzi. Siku kumi na mbili leo. Juzi na jana nilijaribu kumrudishia, akatapika."

Cicily akageuza shingo. Alimtazama mumewe kama anayetafuta alama fulani usoni mwake na haioni.

"Kwa nini?" daktari akauliza.

"Ulisema zinawalaza walinzi."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.

"Nikaona ni kama moshi," Ngari akaendelea, kwa sababu sasa hakukuwa na pa kurudi. "Unawapulizia nyuki moshi, na mwizi yumo ndani. Nikasema nitaondoa moshi, waamke. Hukuniambia niache, mimi ndiye niliyeacha. Na mke wangu hajui lolote. Ukiandika, andika hivyo."

Daktari alikuwa tayari amesimama. Alifungua mlango akamwita muuguzi, akataja jina la sindano na kipimo chake, mara mbili, ya mshipani, sasa hivi. Kisha akarudi.

"Lete kopo la tembe."

Ngari akalitoa mfukoni mwa koti. Alikuwa amelibeba, hakujua kwa nini. Daktari akazimwaga mezani, akazihesabu kwa kidole, akaangalia tarehe kwenye karatasi. Hesabu ilikubaliana na maneno yake.

"Sikiliza," akasema. "Nilikupa nusu ya habari, nikakimbia. Hilo ni langu, na nitalibeba. Nusu ya pili ni hii. Walinzi hao, hata wakiamka wote, bado hakuna anayejua jinsi ya kuwafanya wapigane na huu uvimbe. Sisemi hakutakuwa na siku hiyo. Leo haipo. Na vita vyenyewe huleta maji na uvimbe juu ya uvimbe. Nyuki wakisongamana mzingani, hutoka wakatafuta mti mwingine, sivyo? Kichwa cha mtoto ni mfupa. Hakina pa kutokea. Ndiyo maana tunawalaza. Na jambo lingine, mwili uliozoea hiyo dawa huacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla, mtoto anabaki hana hii wala ile. Hiyo peke yake inaweza kumlaza kama alivyolala."

"Kwa hiyo uvimbe haujakua?" Cicily akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Sijui, mama Igoki. Labda haujakua, ni maji tu na kukosa dawa. Labda umekua pia. Hapa sina mashine ya kuona ndani. Siku mbili zitatuambia."

"Na saa tano?"

Ilikuwa imebaki dakika nne. Daktari Kanana akatazama saa, akatazama tembe zilizopangwa mezani kumi kumi. Akanyanyua simu. Walipompatia Nairobi alizungumza Kiingereza, haraka, na Ngari akaambulia jina la Igoki na neno Jumatano. Akaweka simu.

"Nimewaambia mtoto alikosa dawa, na dawa imerudishwa. Wanamshikia nafasi mpaka Jumatano jioni. Akiamka, anaenda. Asipoamka, nitapiga tena niirudishe."

Ngari akasimama. Akaanza kusema asante.

"Usinishukuru," daktari akasema. "Toka nje ukae. Unanizibia mwanga."

Walikaa siku hizo mbili wodini. Cicily alikaa kitini karibu na kitanda, Ngari kwenye benchi mlangoni. Alimletea chai, akaipokea bila kumtazama. Ndambiri alipita Jumanne mchana na ndizi za kuchemsha kwenye kikapu, akasimama kati yao, akaelewa.

"Nimesikia," akamwambia Ngari pale mlangoni.

"Basi sema."

"Sina la kusema. Wewe ni mjinga, hilo nililijua siku unaleta mbuzi wa mahari mmoja akiwa kilema." Akamwekea ndizi mkononi. "Lakini ungenyamaza, ningekuwa sasa hivi natafuta mbao za jeneza. Kula."

Ngari akala. Ndizi zilikuwa baridi na hakuzisikia ladha.

Jioni hiyo Igoki aliacha kutapika. Ni hilo tu. Bado alilala, lakini hakutapika, na muuguzi akaandika kwenye karatasi. Cicily akasema, bila kugeuka, na ilikuwa kama anamwambia ukuta:

"Tangu leo tembe ninampa mimi."

"Sawa."

"Na Nairobi, akienda, naenda mimi naye. Wewe utabaki na mbuzi."

"Sawa."

"Na siku nyingine ukiwa na akili nyingi kichwani, uziseme kwa mdomo. Mimi si mgeni wako."

"Nimesikia, mama Igoki."

Lakini baadaye kidogo Cicily alisogeza kiti chake upande, pakabaki nafasi ya benchi, na Ngari akaliburuta benchi ndani.

Jumatano, kabla ya saa tatu asubuhi, Igoki alifungua macho yote mawili. Akauliza hapa ni wapi. Akaambiwa ni Meru. Akauliza kwa nini kila mara wanamleta penye baridi. Akataka uji, akanywa nusu kikombe, ukakaa tumboni. Daktari Kanana akaja, akamulika macho, akamwambia asukume mikono yake kwa nguvu. Igoki akasukuma. Daktari akamwambia asimame, na akasimama akishikilia kitanda, akipepesuka, lakini amesimama. Daktari akatoka, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi, wakamsikia akiomba Nairobi.

Cicily akamfuata kwenda kusikiliza. Ngari akabaki na mtoto.

"Baba," Igoki akasema, "ile dawa, siku zile, haikuwamo kwenye asali."

Ngari akahisi masikio yakipata moto. "Ulijua?"

"Si ni chungu? Nilijua siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani nimepona." Akainua bega. "Nikasema, baba ameacha kunipa kwa sababu nimepona, na anataka kuniambia baadaye. Nilikuwa nangoja uniambie."

Ngari akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na njia rahisi hapo, ya kusema lolote linaloweza kusemwa kwa mtoto mgonjwa. Hakuitaka.

"Hujapona, mama," akasema. "Nilikosea mimi. Nilidhani nimejua kitu, sikukijua. Kuna kipande kimebaki humo nyuma. Ndicho kinachokuangusha. Wiki ijayo utaenda Nairobi na mama yako. Kuna mashine kubwa, utalala chini yake bila kutikisika, kila siku, wiki sita."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumamosi na Jumapili."

"Halafu nitapona?"

"Sijui. Daktari naye hajui. Nilimwuliza."

Igoki akafikiri. Alikuwa na kovu refu nyuma ya kichwa, na nywele zilikuwa zimeanza kuota pembeni mwake, fupi, za kukwaruza. Akalikuna.

"Na hiyo mashine, inauma?"

"Wanasema haiumi. Lakini mimi sijawahi kulala chini yake. Utakaporudi utaniambia wewe."

"Nitakuambia," Igoki akasema. "Hata kama inauma nitakuambia."

Kisha akanyoosha mikono ili amsaidie kushuka kitandani, kwa sababu alitaka kwenda chooni na hakutaka kubebwa.